Maziwa Yamepungua na Umeacha Wali, Ngano na Sukari: Fanya Hivi

Wanawake wananiuliza jambo moja hilohilo, karibu kila wiki. "Nimeacha wali, mkate, sukari na maziwa ya ng'ombe, sasa maziwa yangu ya kunyonyesha yanakauka. Nirudi kula kama zamani?" Wengine waliacha kwa sababu sukari iliwapanda wakiwa na mimba. Wengine wanataka kupunguza mwili baada ya arubaini. Wapo pia wanaofuata ule mpango wa siku 30 wa vyakula halisi, usiotaka nafaka, jamii ya kunde, maziwa, sukari wala kitu cha pakiti. Haya hapa ndiyo ninayowaambia, kwa mpangilio, ili kila mmoja ayapate yote pamoja.

Jibu fupi: si lazima urudi. Ziwa hutengeneza kadiri linavyotolewa. Likikaa limejaa, mwili hupunguza kazi. Likitolewa mara kwa mara, mwili huongeza. Chakula kazi yake ni kumbeba mama asianguke njiani. Tabu inaanza pale ambapo mama amepunguza aina za chakula na, bila kujijua, akapunguza na wingi wake.

Mimi yalinipata kwa mtoto wangu wa tatu, hapa Wete. Wiki ya sita nilikuwa nimeacha karibu wanga wote. Bi mmoja aliyekuwa akija kunikanda alifunua kawa juu ya sahani yangu: kipande cha changu, mchicha kidogo, nusu ndimu. Akaitazama. "Mwanangu, hiki chakula cha nani? Mzazi halishwi hivi." Akairudisha jikoni, ikarejea na vipande vitatu vikubwa vya muhogo wa nazi. Kisha akakaa ubavuni kwangu na kumwangalia mtoto anavyonyonya, kimya, muda mrefu. Neno lake la pili likawa: "Mbona unamtoa ziwani kabla hajaacha mwenyewe?" Sahani na ziwa. Mpaka leo nikiitwa kwa mzazi, naangalia hivyo viwili kabla ya kitu kingine chochote.

Kwanza hakikisha yamepungua kweli

Wengi wanaokuja kwangu maziwa yao hayajapungua. Matiti kuwa laini baada ya wiki sita ni kawaida. Kukamua ukapata kidogo si kipimo, maana mtoto hutoa zaidi kuliko mkono. Kulia jioni si kipimo.

Vipimo ni mkojo, choo na uzito. Mtoto aliyetimia siku tano au sita anatakiwa kulowesha winda mara 6 au zaidi kwa siku nzima, na mkojo uwe mweupe au wa manjano hafifu. Katika wiki za mwanzo choo kiwe cha manjano, mara 3 au 4 kwa siku. Baadaye huweza kupungua. Siku za mwanzo mtoto hupungua uzito kidogo, lakini akifika siku ya 10 hadi 14 awe amerudi kwenye uzito wa kuzaliwa, na tangu hapo aongeze kama gramu 150 hadi 200 kwa wiki mpaka miezi mitatu.

Usisome zaidi, nenda spitali leo hii, ukiona haya: mtoto halowi, mkojo una rangi ya chai, utosi umebonyea, macho au ngozi ni ya manjano, au analala mno hata kumwamsha kunyonya ni kazi. Iwe Wete, Chake Chake, Mkoani au Mnazi Mmoja, pale palipo karibu nawe.

Vitu vya kuwa navyo

Kadi ya kliniki ya mtoto. Daftari na kalamu. Kikombe kidogo cha kahawa, kile cha kauri kisicho na mkono, kilichochemshwa. Bakuli safi lenye mdomo mpana la kukamulia. Mto mmoja au kanga iliyokunjwa ya kuegemea. Chupa ya maji ya kunywa iwe karibu na kitanda. Na mtu mmoja wa nyumbani, mume, mama au wifi, aliyekubali kwa siku saba kushika jiko na watoto wengine. Huyu wa mwisho ndiye mgumu kupatikana. Mwombe mapema, kwa maneno, usingoje ajionee.

Hatua kwa hatua

1. Mpakate sawasawa. Kaa umeegemea. Kichwa na mwili wa mtoto viwe mstari mmoja, tumbo lake ligusane na lako, pua yake ielekee chuchu. Mguse mdomo wa juu kwa chuchu, ngoja afunue kinywa kama anayepiga miayo, ndipo umlete yeye kwenye ziwa. Usiinamishe ziwa kumfuata. Kidevu kizame, mdomo wa chini ujikunje kwa nje, na ule weusi wa kuzunguka chuchu uingie sehemu kubwa, hasa upande wa chini. Mashavu yakibonyea, ukisikia vidoko, au ukiumwa zaidi ya sekunde za mwanzo, hakushika. Ingiza kidole chako kidogo pembeni mwa mdomo wake, mtoe taratibu, anza upya. Hata mara nne. Mtoto aliyeshika vibaya atanyonya saa nzima na ziwa libaki limejaa, na hapo hakuna supu itakayokusaidia.

2. Nyonyesha mara 8 hadi 12 kwa saa 24. Hesabu kwenye daftari, usikadirie kichwani. Usiku uwemo: homoni ya kutengeneza maziwa hupanda zaidi usiku, kwa hiyo nyonyesha angalau mara moja au mbili kati ya saa saba na saa kumi na moja alfajiri. Mchana, mtoto mchanga asikae zaidi ya muda wa saa tatu bila kunyonya. Akilala, mvue nguo, mguse nyayo, muamshe.

3. Aache mwenyewe ziwa la kwanza, kisha mpe la pili. Akianza kusinzia na humsikii tena akimeza, bana ziwa kwa kiganja, lishike lililobanwa mpaka aanze kumeza, achia, bana tena. Likiishiwa, hamia la pili. Ukimaliza unaweza kurudi la kwanza.

4. Kamua baada ya kunyonyesha. Dakika 10 kila ziwa, mara nne au tano kwa siku, hata kama unaona hakuna kitu. Nawa mikono. Weka kidole gumba juu na cha shahada chini, kama sentimita 3 kutoka chuchuni. Sukuma vidole kuelekea kifuani, bana, achia. Sukuma, bana, achia. Usivute chuchu na usitelezeshe vidole juu ya ngozi, utajichubua. Dakika ya kwanza huenda kisitoke kitu. Kisha tone moja litaning'inia, litafuatia la pili, halafu uzi mwembamba utaruka na kupiga ukingo wa bakuli. Wengi wanaacha kabla ya huo uzi. Ukipungua, zungusha vidole sehemu nyingine ya ziwa, uanze tena.

Mara moja kwa siku, saa ambayo nyumba imetulia, fanya mzunguko mrefu: kamua dakika 20, pumzika 10, kamua 10, pumzika 10, kamua 10. Huo ni muda wa saa moja. Unamwiga mtoto anayenyonya mfululizo siku anazokua kwa kasi. Wenye mashine ya kukamulia waitumie, lakini mkono unatosha.

Uliyokamua mpe mtoto kwa kikombe cha kahawa. Mkalishe wima mapajani, gusisha ukingo kwenye mdomo wa chini, ayalambe mwenyewe, usimmiminie. Kwa sasa usitumie chupa, kwani mtoto anazoea mtiririko wake rahisi na kulikataa ziwa. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa muda wa saa 4 kwenye joto la nyuzi 25, na hapa kwetu wakati wa kaskazi mchana hupita hapo, basi yatumie upesi au yaweke kwenye friji, ambamo yatakaa hadi siku 4.

5. Jaza sahani. Anayenyonyesha bila kuchanganya anahitaji kama kilokalori 500 za ziada kila siku. Ukitaka kuziona kwa macho: gramu 200 za muhogo uliochemshwa, vijiko vichache vya tui zito, na kipande cha samaki cha gramu 100. Yaani mlo mmoja mzima juu ya ile uliyozoea kabla ya mimba.

Kisiwa chetu kimejaa wanga usiotoka kwenye gunia la mchele. Muhogo, mbatata, viazi vitamu, viazi vikuu, majimbi, ndizi mbichi, boga, shelisheli. Kila mlo uwe na mojawapo, kiasi cha ngumi zako mbili. Hapa sina mjadala. Mama anayenyonyesha akiacha wanga kabisa, mwili wake huyeyusha mafuta kwa kasi na damu inaweza kujaa asidi. Hutokea kwa nadra, lakini hulaza watu spitali: kichefuchefu, kutapika, tumbo kuuma, kuhema haraka, kuishiwa nguvu. Ukijiona hivyo nenda siku hiyohiyo, na mwambie dakta kwamba unanyonyesha na umeacha wanga, maana hawezi kulikisia.

Upande wa kitoweo, chukua dagaa, tasi, changu, vibua, pweza, mayai, kuku wa kienyeji. Dagaa ndio nawasisitizia walioacha maziwa ya ng'ombe: ukiwala wazima pamoja na miba yao unapata chokaa ya mifupa. Papa na nduaro wapunguze, kwa sababu samaki wakubwa wala-samaki hukusanya zebaki mwilini. Mafuta yatoke kwenye tui, parachichi na korosho. Njugu nyasa ni jamii ya kunde, basi ziache kama mpango wako unazikataza. Majani: mchicha, matembele, kisamvu. Kisamvu kitwangwe na kichemke sana, muhogo nao uive hasa, kwa ajili ya ile sumu yao ya asili.

Siku yangu ilikwenda hivi. Asubuhi viazi vitamu na mayai mawili, pamoja na chai ya tangawizi. Saa nne tende na korosho. Mchana muhogo wa nazi, tasi wa kuchoma na mchicha. Alasiri parachichi au embe. Usiku mchuzi wa dagaa na ndizi mbichi. Na chini ya kawa, karibu na kitanda, kipande cha boga la nazi kwa ajili ya saa nane ya usiku, wakati njaa inapomshika mzazi kama mkono. Mwenye kisukari apunguze tende na agawanye wanga kidogokidogo, huku akipima.

Jambo moja husahaulika. Walioacha vitu vya dukani huhamia chumvi ya kienyeji isiyotiwa madini joto. Tumia chumvi yenye madini joto. Mtoto anayapata kupitia kwako na ubongo wake unayahitaji. Na asiyekula samaki, nyama wala mayai aulize kliniki kuhusu vitamini B12, asikae hivihivi.

6. Kunywa kwa kiu. Glasi moja kila unaponyonyesha, na maji, madafu au supu vyote vinafaa. Kujilazimisha lita nyingi hakuongezi maziwa. Mkojo wako ukiwa wa manjano mzito, kunywa zaidi. Ukiwa mweupe, inatosha.

7. Vya asili, kwa nafasi yake. Majani ya mlonge yana lishe nzuri, na tafiti ndogo zinaonyesha yanaweza kuongeza maziwa. Yatie mchuzini kiganja kimoja, au kijiko cha unga wake. Supu ya pweza ni chakula kizuri cha mzazi, inywe. Uji wa pilipili manga tuliolelewa nao unaweza kuupika kwa unga wa muhogo na tui, ukaupa utamu kwa tende zilizopondwa badala ya sukari. Unatia joto na unashibisha. Uwatu ndio wa kuwa nao makini. Kwanza ni jamii ya kunde, kwa hiyo unavunja mpango wako. Pili unashusha sukari ya damu, unaharisha baadhi ya watu, na haufai kwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda. Ukiwa na kisukari au mimba usiuguse bila kumuuliza dakta.

Hivi vyote bila hatua ya 1 hadi ya 4 ni chakula tu.

8. Lala na mtoto karibu, ngozi kwa ngozi. Mchana, baada ya adhuhuri, mvue abaki na winda, mweke kifuani, mjifunike kanga. Hofu na uchovu huzuia maziwa kushuka hata yakiwemo.

9. Siku ya saba, pima. Peleka kadi kliniki. Mtoto apimwe bila nguo, kwenye mizani ileile. Soma daftari lako: winda ngapi, kunyonya mara ngapi. Wengi huona mabadiliko kati ya siku ya 3 na ya 7, wengine wiki mbili.

Makosa ninayoyaona sana

Kumpa maji kwa sababu ya joto. Chini ya miezi sita mtoto hahitaji maji, hata kaskazi ikiwa kali. Tumbo likijaa maji, ziwa halitolewi. Kumlambisha asali kabla hajatimia mwaka ni hatari kubwa zaidi, kwa kuwa inaweza kuwa na vijidudu vinavyolegeza misuli ya mtoto mpaka pumzi.

Kusubiri ziwa lijae ndipo umnyonyeshe. Hii inafanya kinyume kabisa cha unachokitaka.

Kuanza kujinyima wiki za mwanzo. Subiri angalau wiki sita mpaka nane, na usipungue zaidi ya nusu kilo kwa wiki. Nimemwona binti wa miaka ishirini na mbili aliyepungua kilo tatu kwa wiki mbili huku akisifiwa na kila anayeingia mlangoni, na mtoto wake kwenye kadi mstari umelala. Alipoongeza majimbi na samaki na kuanza kukamua usiku, mstari ulipanda wiki iliyofuata.

Ikiwa mambo hayaendi

*Analia kuanzia magharibi mpaka isha na hataki kutoka ziwani.* Ndivyo walivyo wengi. Anajiwekea oda ya kesho. Mpe. Karibu na wiki ya 3, ya 6 na mwezi wa 3 huwa hivyo siku mbili tatu mfululizo. Watakuja watu na kukwambia una maziwa mepesi. Angalia winda, usiangalie nyuso zao.

*Nimeshaanza maziwa ya kopo.* Usiyakate ghafla. Fuata hatua zote kwa siku tatu nne, kisha punguza kidogokidogo huku unapima uzito kila wiki.

*Kila akinyonya naumia.* Rudi hatua ya 1. Ikiendelea, mtoto aangaliwe chini ya ulimi. Wengine ulimi umefungwa na utando na hukatwa kwa urahisi spitali.

*Ziwa gumu, jekundu, na nina homa.* Endelea kunyonyesha upande huo huo, maziwa hayamdhuru. Weka kitambaa baridi baada ya kunyonyesha, na nenda spitali homa isiposhuka ndani ya siku moja.

*Nilianza vidonge vya uzazi wa mpango.* Vyenye estrojeni hupunguza maziwa. Waombe kliniki wakubadilishie njia isiyo nayo. Baadhi ya dawa za mafua zenye sudoefedrini nazo hukausha, kwa hiyo mwambie muuza dawa kwamba unanyonyesha.

*Ramadhani imeingia.* Anayenyonyesha akihofia nafsi yake au mtoto ana ruhusa ya kula. Kuhusu kulipa, muulize shekhe wako. Mtoto akianza kulowesha winda pungufu ya 6, fungua.

*Wiki mbili zimepita, nimefanya yote, uzito haupandi.* Hapo si wewe wa kulaumiwa na si kijicho. Omba upimwe wingi wa damu, tezi ya shingo, na kama kuna kipande cha kondo kilichobaki, hasa ikiwa ulitoka damu nyingi ulipojifungua. Zipo dawa za kuongeza maziwa, lakini zinaandikwa na dakta tu kwani baadhi yake hugusa mapigo ya moyo. Usizinunue kwa kuelekezwa na jirani.

*Ninakula kama ulivyosema lakini bado nina njaa na napungua.* Basi mpango huu umekubana mno kwa sasa. Rudisha kundi moja. Mimi huanza na kunde au choroko za nazi, kisha wali kidogo wiki inayofuata. Siku zako 30 utazihesabu upya mtoto akishaanza kula.

Uzito ukishapanda wiki mbili mfululizo, acha kwanza ule mzunguko wa saa moja. Baada ya siku tatu ondoa mara moja katika zile mara nne au tano za kukamua, na baada ya siku tatu nyingine ondoa mara moja tena, mpaka abaki mtoto peke yake anayetoa. Daftari la winda liendelee wiki moja zaidi.